Somo: Kumfundisha Mjapani Kiingereza kwa Habari za Nyumbani na Safari Zake

Wapendwa, wengi mmeniomba nieleze ninavyofundisha Kiingereza huku Japani. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Chiba, na jioni mbili kwa wiki nafundisha kikundi cha watu wazima kwenye kominkan, ukumbi wa jamii wa mtaa wetu. Wengi wao ni wastaafu. Shuleni walisoma Kiingereza miaka sita na mitihani ya sarufi walifaulu, lakini ukimwuliza mtu jana alifanya nini, anainamisha macho. Nimejaribu vitabu vingi. Kinachowafungua mdomo ni habari za nyumbani kwao na za safari zao, basi. Ninavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Anza na kitu kilicho mkononi

Usiulize "How was your weekend?" Utajibiwa "It was good" na mazungumzo yatakufia hapohapo. Mwambie aje na kitu: risiti, tiketi, picha ya chakula alichopika. Jioni moja mama mmoja aliweka mezani boksi la momiji manju, vikeki vyenye umbo la jani, ndani vina maharage matamu. Mjapani akisafiri harudi mikono mitupu. Zawadi hiyo ya safari huitwa omiyage. Tulipokuwa tunakula nikamwuliza alikwenda na nani, akavuka na nini. Akaeleza: yeye na dada yake, Shinkansen, treni ya mwendo kasi, kutoka Tokyo hadi Hiroshima kama saa nne, kisha feri ya dakika kumi kwenda kisiwa cha Miyajima. Vitenzi vilimpiga chenga, lakini alizungumza dakika nne nzima, kitabu kimefungwa.

Ukishauliza, subiri. Kimya cha Mjapani mara nyingi ni kupanga sentensi kichwani, si kutojua. Mimi huhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Hapa ndipo sisi tunapokosea, maana kimya kinatutia wasiwasi na tunaishia kumjibia.

Hatua ya 2: Tangulia wewe

Simulia kwanza habari yako kwa sentensi nne au tano fupi. Ya kwangu inayopendwa ni ya siku tuliyompeleka mwanangu Nara, kwenye kulungu wanaotembea huru bustanini: "We saw a deer. The deer bowed. My son gave it a cracker."

Sentensi hizo zinafundisha "a" na "the" kuliko ukurasa mzima wa kanuni. Kijapani hakina vineno hivyo, na Kiswahili pia hakina. Lakini sisi tunasema "tulimwona kulungu", halafu "yule kulungu akainama". Huyo "yule" ndiye "the". Na Wajapani wana "sono", inayofanya kazi hiyohiyo. Nilipowaonyesha, mzee mmoja aliyekuwa akiacha "the" kila mahali aliandika "sono" pembeni ya daftari lake, akaichorea duara.

Hatua ya 3: Chambua maneno yanayofanana na Kiingereza

Kijapani kimejaa maneno ya Kiingereza yaliyobadilika maana. Mwanafunzi atakwambia anaishi kwenye "mansion", nawe ufikirie kasri. Kwao ni fleti ya kawaida kwenye jengo la zege. "Konsento" ni soketi ya umeme ukutani. "Baikingu" ni chakula cha kujipakulia hotelini. "Kureemu" ni malalamiko ya mteja. Usicheke. Yaandike ubaoni, upande mmoja neno la kwao, upande wa pili neno ambalo Mwingereza atalielewa.

Matamshi nayo hufuata hapohapo. Wao huongeza irabu kama sisi tunavyosema blanketi na soksi. Tunapiga makofi pamoja: ku-ri-su-ma-su, makofi matano, Kris-ma-si, matatu, kisha "Christmas" ya Kiingereza, mawili tu. Mwili unashika haraka kuliko maelezo.

Hatua ya 4: Ndugu na jamaa, kwa adabu

Mjapani ana neno la kaka mkubwa, ani, na la mdogo wa kiume, otouto. Kwa hiyo "brother" peke yake humwacha njia panda, kama inavyotuacha sisi tuliozoea kaka na mdogo wangu. Mfundishe "older brother" na "younger brother" tangu siku ya kwanza.

Ila usimchimbe mtu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwuliza mwanafunzi mume wake anafanya kazi gani, kumbe alikuwa amefiwa miezi michache tu. Alijibu kwa upole, mimi nikakosa pa kuficha uso. Siku hizi nasema: tuambie habari ya mtu mmoja wa nyumbani, unayemchagua wewe. Kuna aliyemchagua paka, na somo likaenda vizuri.

Hatua ya 5: Mfanye yeye awe mwenyeji

Kucheza mchezo wa kununua tiketi London ni sawa, lakini ni mara chache atakwenda. Geuza: mimi ni mgeni, niko mlangoni mwa onsen, bafu la pamoja la maji ya moto ya chemchemi, sijui pa kuanzia. Anielekeze. Vua viatu hapa. Oga kwanza ukiwa umekaa kwenye kigoda. Taulo usiitie majini. Sentensi zote ni za kuamuru na zote anazijua kwa maisha yake. Aliyekuwa ananong'ona unamsikia amepaza sauti: "No, no! Wash first!"

Kazi ya nyumbani ni sentensi tatu kwa siku za shajara. Sahihisha aina moja tu ya kosa kwa wiki. Daftari likijaa wino mwekundu, wiki inayofuata hutamwona.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Niko Nakuru, nafundisha kwa video. Mwanafunzi nikimwuliza "You don't eat meat?" anajibu "Yes", kumbe hali. Nimrekebishe vipi?*

Marahaba. Mbona hilo ni kosa letu pia! "Huli nyama?" "Ndiyo, sili." Kijapani kinakwenda hivyohivyo. Mzoeze kutamka sentensi nzima, "No, I don't", bila kuachia "yes" au "no" ining'inie peke yake. Na wewe punguza maswali ya kukanusha kwa sasa.

*Dada, darasa la saa ngapi linawafaa walio kazini?*

Saa mbili usiku ya Japani, ambayo huko kwenu Afrika Mashariki ni saa nane mchana. Tofauti ni saa sita mwaka mzima, Japani hawabadilishi saa. Epuka wiki ya mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei na siku za Obon, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu wa ukoo, katikati ya Agosti, watu wako safarini. Wakirudi ndiyo wana habari tele.

*Wanauliza "otsukaresama" ni nini kwa Kiingereza. Nimekwama.*

Kwa Kiswahili ningesema "pole na kazi" na tumemaliza. Kiingereza hakina neno lake. Usiwape tafsiri ya kulazimisha. Waulize wamemwambia nani na saa ngapi. Kwa mwenzako anayeondoka ofisini, "See you tomorrow" inatosha. Kwa mume aliyeingia amechoka, "You must be tired" inafaa.

*Mimi lafudhi yangu ni ya Kiswahili kabisa. Hawatanikataa?*

Wapo watakaotaka mwalimu wa Uingereza au Marekani, nimekutana nao, na iliniuma. Kwenye somo la kwanza niliwaambia wazi kwamba Kiingereza nilikifundishwa darasani kama wao, na vitu vilivyonishinda navikumbuka. Nikafuatisha na habari ya kulungu wa Nara. Mama wa momiji manju alikuwepo siku hiyo. Huu ni mwaka wake wa nne kwangu.