Somo: Ijaribu programu ya Qur'ani na vitabu vya dini kabla hujasomeshea

Assalamu alaykum. Somo hili ni la walimu wa vyuo na wanafunzi wa darsa, Unguja na Pemba, wanaofungua vitabu kwenye simu na kompyuta.

Hatua ya 1. Zima data, kisha fungua kitabu. Kikigoma, usikitegemee msikitini.

Hatua ya 2. Tafuta neno "swala" kwa Kiarabu, bila irabu, kwa herufi ya alifu kama tuandikavyo kila siku. Msahafu wa rasmu ya Uthmani, yaani mwandiko wa kale wa msahafu, umeliandika kwa herufi ya wau, hivyo programu mbovu hujibu "hakuna", na neno limejaa tele Suratul Baqara. Jaribu na alama ya hamza (ء) pia: uiweke, uiondoe, majibu yawe yale yale. Hapa nakaza sana. Mwanafunzi akiambiwa hakuna, ataamini hakuna.

Hatua ya 3. Kagua nambari. Hadithi ya nia ni ya 1 katika Bukhari. Katika Muslim ni ya 1907 kwa hesabu ya Muhammad Fuad Abdul-Baqi, mwanachuoni wa Misri aliyezipa hadithi hizo nambari, lakini kwa hesabu ya tafsiri ya Kiingereza iliyoenea mitandaoni ni 4692. Programu isiyosema inafuata hesabu ipi, nukuu kwa jina la kitabu na mlango.

Hatua ya 4. Uliza kuhusu pesa. Maktaba Shamila, programu ya vitabu vya Kiarabu, ni bure na ina maelfu ya vitabu. Anayeuza atashindana nayo kwa lipi? Kwa wenzetu Wakristo, BibleWorks, programu ya kusomea Biblia iliyokuwa ya kulipia, ilifunga biashara 2018. Basi kabla hujalipa, jua kama vitabu vitabaki kwako kampuni ikifa. Linaloniuma ni kwamba watengenezaji wa programu wanashindania wingi wa vitabu, na msomaji wa Kiswahili anaachwa ahangaike na menyu za Kiarabu.

MASUALI

Wete: Maalim, Kiarabu changu ni cha msahafu tu. Nianzie wapi?
Jibu: Chukua kitabu unachokisoma kwa sheikh wako, mfano Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi, nakala ya karatasi iwe mkononi. Fuatisha mlango kwa mlango, menyu utazizoea.

Mwanakwerekwe: Tafsiri ya Qur'ani ya Kiswahili iliyomo simuni ndiyo ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy?
Jibu: Usikisie, Bibi. Nyingi zina ya Sheikh Ali Muhsin Barwani. Tazama jina kwenye orodha ya tafsiri, lisipotajwa, usiisomeshe.