Kabla hujabeba miche ya mikoko kwenda ufukweni

Watu wa Tanga tukisikia "kurudisha ufukwe" akili inakimbilia kupanda mikoko, fulana zinachapishwa, picha zinapigwa, bamvua mbili (yale maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) zikipita miche kwisha habari. Mimi mwenyewe nimo, tulishawahi kupanda chini kabisa kwenye tope, mzee mmoja mvuvi akatuangalia akasema "wanangu, hapo hata zamani hapakuwa na mkoko." Tukacheka. Baadaye miche ilipokwisha tulijicheka wenyewe vizuri zaidi.

Kwa hiyo anza na hao wazee, waulize nini kilikuwepo pale na kilianza kupotea lini, maana huku upande wa bandari na viwanda mara nyingi shida siyo shoka peke yake, ni maji yamezibwa. Kifusi kimemwagwa, ukuta umejengwa, barabara imepita ikawekewa kalavati dogo ambalo nalo limejaa machupa, au mtaro wa mji unashusha uchafu palepale. Mkoko unapumua kwa mizizi iliyo juu ya tope, sasa maji yakituama wiki nzima au kifusi na mafuta vikafunika mizizi, unakufa umesimama. Zibua kwanza. Saa nyingine ukishafungua mkondo huhitaji hata kupanda, mbegu zinaletwa na maji zenyewe kutoka kwenye mikoko iliyobaki kule mdomo wa Mkulumuzi au Sigi.

Haya, kimo cha ardhi, hapa ndipo wengi wanapofeli. Siku ya bamvua iliyotulia, maji yakiwa yamekupwa, chukua vijiti, vipake chaki, chomeka vingine ndani ya mikoko mizima iliyo jirani na vingine kwenye eneo lako. Maji yakijaa yakashuka rudi ukapime kutoka kwenye tope mpaka pale chaki ilipofutika. Tuseme kwenye mikoko mizima ni sentimita 40 na kwako ni mita nzima, basi kwako ni chini mno, usipande, na kama chaki haijaguswa kabisa ujue ni juu mno. Hela ya mashine huna, vijiti unavyo.

Ukishajua kimo ndiyo uchague aina ya mkoko. Mlilana unakaa mbele kabisa upande wa bahari, ule unaoitwa mkoko hasa unafuata, mkandaa nyuma yake, mchu unavumilia chumvi kali ya huku juu ingawa na mbele utauona. Mbegu ya mkoko, ile ndefu, inachomekwa moja kwa moja bila kitalu, mchu ni vizuri uanzie kwenye viriba. Ila tafadhali usipande juu ya majani ya bahari, yale nayo ni nyumba ya samaki, unabomoa nyumba kujenga nyumba.

Makaratasi usiyaache mwisho. Mikoko iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo hata kama nia yako njema pita kwao, na kama eneo limo ndani ya mipaka ya bandari ongea na TPA, mamlaka ya bandari, mapema, BMU ya hapo (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) wawemo toka siku ya kwanza maana wao ndiyo watabaki. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu ufukwe ndani ya mita 60, NEMC (baraza la mazingira) wanaijua, itumie unapobishana na mtu wa kifusi.

Pale gati lilipo usilazimishe mti, mawe yenye mashimomashimo chini ya ukuta yanatosha kuwapa kaa na chaza pa kujishika.

Bajeti sasa. Mimi nusu nzima naiweka kwenye matunzo, kwa sababu kila bamvua inaleta mifuko na vipande vya nyavu vinavyojiviringisha kwenye miche na kuilaza, na mbuzi wa mtaani mchu kwao ni pilau. Hesabu iliyo hai baada ya miezi 3, tena baada ya 6, iliyokufa jiulize kwanza imekufa kwa nini ndiyo uzibe pengo. Na vile vijiti usiving'oe vyote, acha vichache, viwekee alama usawa wa tope, ndivyo vitakavyokwambia mwakani tope limepanda au limekombwa.