Jina la kampuni: lihifadhi kabla hujachapisha chochote

Ndugu mnaofungua kampuni, tafadhali msitengeneze bango wala mhuri kabla msajili hajalikubali jina. Andaa majina mawili au matatu, kwa sababu lile unalolipenda huenda limeshachukuliwa, au linafanana mno kimatamshi na la mwingine. Kubadili herufi moja mara nyingi hakutoshi. Maneno kama "benki" na "bima" kwa kawaida huhitaji kibali cha pekee. Likishakubaliwa, andika tarehe ya mwisho mahali utakapoiona, maana hifadhi ina muda wake, na ukipita mtu mwingine anaweza kulichukua. Na hili wengi hawalijui: kuhifadhi jina hakukupi alama ya biashara, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia jina hilo kwenye bidhaa au huduma kama zako. Hiyo huombwa kando. Anwani ya tovuti nayo itafute siku hiyohiyo.