Fundi akiharibu gari la mteja, bili aandikiwe nani

Nasimamia karakana ya kampuni inayouza magari, Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Sehemu isiyo na mjadala ni hii: mteja halipi. Gari limeingia kwako likitembea, limetoka boliti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, haijakazwa, oili imemwagika njiani na injini imenoki kabla ya Kibaha. Siku hiyo usimuulize kwa nini hakuona taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi. Tuma gari la kuvuta, mpe gari la kutumia, mwandikie kwamba mmepokea lawama. Maswali ya taa yatakuja baadaye, tena yaulizwe kwa adabu.

Sasa rudi ndani. Kabla bosi hajatamka neno "akatwe", chukua jobu kadi, ile karatasi ya maelezo ya kazi ya gari, na uisome na fundi mwenyewe, mkiwa mmekaa. Tafuta kosa limepita mikono mingapi. Chukua Nissan X-Trail ya T32 yenye gia boksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua: inataka oili yake maalumu, NS-3. Mpokeaji ameandika tu "badili oili ya gia boksi". Stoo wametoa ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida. Fundi ameimimina. Mkaguzi ameweka sahihi bila kuangalia kopo. Hapo wamekosea watu wanne, lakini atakayetajwa ni fundi, kwa sababu ndiye mwenye mikono michafu. Mimi nina msimamo: kosa lililopita mikono miwili au zaidi ni hasara ya karakana, na linarekebishwa kwenye utaratibu. Jobu kadi iandikwe aina ya oili. Stoo wasitoe kitu bila aina hiyo. Basi.

Kama kweli ni uzembe wa mtu mmoja, sheria ya Tanzania imeshaweka njia. Soma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Fundi akubali makato kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Umpe barua inayoeleza chanzo, kiasi na jinsi ulivyokipiga hesabu, kisha umpe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, kwa hiyo spea ihesabiwe kwa bei mliyoinunulia. Ile mnayomuuzia mteja ina faida yenu ndani, na faida si hasara. Na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha: anayelipwa 600,000 hakatwi zaidi ya 150,000. Injini ya Prado utaimaliza lini kwa mwendo huo? Ndiyo maana nasema makato si njia ya kurudisha pesa. Akibaki jioni kurudia kazi ile, saa za ziada ni haki yake vilevile, mara moja na nusu.

Bima isomeni mapema, siyo siku ya ajali. Mara nyingi italipa gari lililogongwa kwenye majaribio ya barabarani, lakini kazi mbovu yenyewe haiigusi. Tengeni fungu la hasara hizo kila mwezi.

Kwangu fundi anayekuja kusema "kaka, ile plagi nimeivuka uzi", yaani ameikaza ikiwa imepinda na kuharibu uzi wake, gari likiwa bado kwenye jeki, halipi chochote wala haandikiwi barua. Mahali wanapokata mishahara ovyo, plagi hiyo inapakwa gundi na gari linatoka. Anayerudia kosa lilelile baada ya kufundishwa na kupewa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, anapata onyo la maandishi. Anayechota oili ya mteja akauze mtaani huyo hana kosa la kazi, ana wizi, na faili lake ni jingine kabisa.

Halafu kuna ile karatasi ambayo waajiri wengi humsainisha fundi siku anaanza kazi: "nitalipa hasara yoyote nitakayosababisha". Haina chanzo, haina kiasi, haina hesabu, kwa sababu hasara yenyewe haijatokea. Usiitegemee. Mkifikishana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, utaulizwa barua ya hasara ile moja, na ushahidi kwamba ulimsikiliza.