Kuchagua prosesa ya simuleta ya ndege kwa bajeti ndogo

Kabla hujatoa pesa, hakikisha ni prosesa kweli inayokukwamisha. Kwenye Microsoft Flight Simulator, washa hali ya wasanidi programu, kisha fungua kihesabu cha fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Weka ndege kubwa ya abiria kwenye uwanja wenye shughuli nyingi, kamera ikiwa ndani ya chumba cha rubani. Ukisoma "Limited by MainThread", prosesa ndiyo inayochelewa. Ikitajwa GPU, pesa ziende kwenye kadi ya michoro. Kwa simuleta nyingine, shusha ubora wa picha ya skrini kutoka 1440p hadi 1080p. Fremu zisipopanda, mchawi ni prosesa.

Sababu ni kwamba kazi nzito, kama mwendo wa ndege, mifumo yake na skrini za rubani, hupita kwa sehemu kubwa kwenye uzi mmoja mkuu (mfululizo wa kazi zinazofuatana, ndiyo "MainThread"), na uzi huo hukaa kwenye kiini kimoja, yaani kitengo kimoja cha kazi ndani ya prosesa. Ukitaka fremu 30 kwa sekunde, una milisekunde 33 tu kwa kila fremu. Ukitaka 60, hazifiki 17. Viini vingine hupakia mandhari, lakini mzigo huo mkuu havipokei. Kwa hiyo usilipie viini 12 au 16. Sita vyenye kasi vinatosha kuanzia.

Cha kuangalia kwa makini ni kashe ya L3, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa. Data ya simuleta ni nyingi na imetawanyika, na kila isipopatikana kwenye kashe, prosesa hukaa ikisubiri RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta. Ryzen 5 5600 ya AMD inafika GHz 4.4 na ina kashe ya MB 32. Ryzen 7 5700X3D inaishia GHz 4.1, lakini ina MB 96, na kwenye simuleta inaiacha mbali. Ryzen 5 5500 na 5600G zina MB 16 tu. Majina yanafanana sana na ya 5600, basi soma namba vizuri kabla ya kulipa.

Kama tayari una bodi mama ya AM4 (soketi ya prosesa hizo za Ryzen), badilisha prosesa tu na ubaki na RAM yako ya DDR4. Angalia orodha ya prosesa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi, na usasishe BIOS (programu ya msingi ya bodi) ukiwa bado na prosesa ya zamani. Ukiitoa kwanza, huenda skrini ikabaki nyeusi. 5700X3D haiji na feni, hiyo nayo uihesabu.

Ukianza upya, Core i5-12400F ya Intel kwenye bodi ya DDR4 inafaa. Ila ukiweza kujibana kidogo, Ryzen 5 7600 ni bora zaidi, kwa sababu baadaye unapachika 7800X3D kwenye bodi ileile ya AM5, soketi iliyofuata AM4. Herufi F maana yake prosesa haina michoro ya ndani: bila kadi, huoni kitu.

RAM iwe vipande viwili vya GB 16, si kimoja cha 32. Kwenye bodi yenye nafasi nne, kawaida hukaa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Washa XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, ndani ya BIOS (kwa AM5 mara nyingi huitwa EXPO), la sivyo RAM ya 3600 inaweza kutembea kwa 2133 na utailaumu prosesa bure.

Bado inakwama? Kwenye mipangilio ya Microsoft Flight Simulator, shusha undani wa ardhi kutoka 200 hadi 100 na upunguze ndege nyingine zinazoendeshwa na kompyuta. Kupunguza mawingu au vivuli kwanza hakusaidii sana hapa, maana mzigo wake mkubwa uko kwenye kadi ya michoro.