Kutabiri theluji ya mlimani: anza na maji, sentimita zitafuata

Dhoruba ya majira ya baridi ikikaribia, simu yangu hujaa swali lilelile: "Kaka, kesho itaanguka kiasi gani?" Anayeuliza ni dereva wa basi la wanaoskii, au dada wa jikoni kwenye hoteli ya mlimani ambaye zamu yake inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Naishi Salt Lake City, jimbo la Utah, na utabiri wa theluji ndio unaonilisha. Nitakuonyesha ninavyoufanya kwa ajili ya Alta, kituo cha skii kilicho kwenye kichwa cha bonde la Little Cottonwood, milima ya Wasatch. Mlima wako ukiwa mwingine, badilisha ramani. Kazi ni ileile.

Jambo moja kabla hatujaanza. Theluji haitabiriwi kwa sentimita. Unatabiri milimita za maji, halafu unayageuza maji hayo kuwa theluji kwa kuangalia baridi na upepo. Ramani za rangirangi za simu zinazokutajia sentimita moja kwa moja zimekufanyia ugeuzaji huo kimyakimya, mara nyingi kwa kuzidisha kwa kumi tu. Hapo ndipo watu wengi huumbuka.

Hatua ya 1: Ujue upepo unaoulisha mlima wako

Uwanja wa ndege wa Salt Lake City uko kama mita 1,290 juu ya usawa wa bahari. Alta, pale lifti zinapoanzia, ni kama mita 2,600. Hewa inayotoka magharibi ikikuta ukuta huo haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, na ikipoa inaachia maji yake. Tuliokulia Moshi tunaijua habari hii tangu utotoni: mvua huwapenda Machame na Kibosho, upande wa kusini wa Kilimanjaro unaopokea upepo wa baharini, huku Rongai kaskazini wakitazama mawingu kwa mbali. Wasatch ni hivyohivyo, ila upepo wa heri kwa Alta ni wa kaskazini-magharibi. Park City, ng'ambo tu ya ukingo wa mlima, kwa wastani hupata theluji pungufu sana.

Tafuta upepo wa usawa wa hektopaskali 700 (kipimo cha mgandamizo wa hewa), ambao uko karibu mita 3,000, yaani kimo cha vilele vyenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mwajiri atarajie sentimita 30. Maji yalikuwepo na baridi ilikuwepo. Ila upepo ulikwama kusini-magharibi usiku kucha, theluji ikaenda kunufaisha milima ya kaskazini karibu na Ogden, sisi tukaamkia sentimita nane. Tangu siku hiyo mshale wa upepo ndio kitu cha kwanza ninachochora kwenye karatasi, kabla hata ya chai.

Hatua ya 2: Panga saa zako

Modeli kubwa za dunia, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ijayo, GFS ya Marekani na ile ya kituo cha Ulaya, ECMWF, huanza hesabu mpya saa 00, 06, 12 na 18 kwa saa za UTC. Majira ya baridi Utah iko nyuma kwa saa 7, kwa hiyo 00 ya UTC ni saa kumi na moja jioni hapa, na 12 ni saa kumi na moja alfajiri. Sisi tuliozoea kuishi na saa mbili, ya Kiswahili na ya Kizungu, ya tatu haitusumbui. Matokeo hayatoki papo hapo. GFS huhitaji zaidi ya saa tatu. Nikiamka saa kumi alfajiri, ninachosoma ni hesabu zilizoanza usiku, na ninaandika wakati wa kuanza kwake juu ya ukurasa nisije nikachanganya.

Siku tano kabla ya dhoruba, tazama modeli za dunia tu, na utafute mkondo wa mgandamizo mdogo unaoshuka kutoka Pasifiki. Usitaje namba yoyote. Saa 48 za mwisho ndipo HRRR, modeli ndogo ya Marekani, inapofaa: hii huanza upya kila saa na miraba yake ni ya kilomita 3.

Hatua ya 3: Pata maji

Chukua jumla ya maji yanayotabiriwa kwa saa 24, kwa milimita. Sasa jihadhari. Miraba ya GFS ni ya kilomita 13 hivi, na barabara ya Little Cottonwood kutoka mdomoni hadi Alta ni urefu kama huohuo. Kwa modeli hiyo, bonde zima na kuta zake ni kilima laini kama mgongo wa ng'ombe. Mlima uliopunguzwa hupandisha hewa kidogo, kwa hiyo maji ya modeli huwa pungufu upepo ukiwa mzuri. Kiasi cha kuongeza hakimo katika kitabu chochote. Kimo katika daftari lako, nami nitalifikia.

Usisome jibu moja. ECMWF huendesha kundi la hesabu 51, moja ya kawaida na nyingine 50 zilizosukumwa kidogo mwanzoni. Zikikusanyika karibu, una haki ya kujiamini. Nusu zikisema milimita 5 na nusu 30, wastani wa 17 na nusu ni uongo mtupu: kuna dhoruba mbili tofauti, na kazi yako ni kungoja ijulikane ipi inakuja.

Hatua ya 4: Itafika chini ikiwa theluji?

Alta kwenyewe katikati ya baridi swali hili halina uzito. Mdomoni mwa bonde, ambako dereva anafunga minyororo ya magurudumu, lina uzito sana. Tafuta kimo ambacho joto ni nyuzi 0. Theluji kwa kawaida huendelea kama mita 300 chini yake kabla ya kuyeyuka. Hewa ikiwa kavu, hushuka zaidi, kwa sababu unyevu unaogeuka mvuke huipoza hewa, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji kivulini. Mvua ya saa mbili usiku inaweza kugeuka theluji saa nne bila hewa mpya yoyote kuingia.

Hatua ya 5: Geuza maji kuwa theluji

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Milimita moja ya maji inaweza kuwa milimita 6 za theluji nzito ya kuvunja mgongo wa mwenye koleo, au 25 za unga unaopulizika kwa pumzi. Wastani wa Alta unakaribia 12 kwa moja, si 10.

Kinachoamua ni fuwele, yaani chembe za barafu, zinazozaliwa winguni. Kati ya nyuzi -12 na -18, fuwele huota matawi kama nyota, na nyota hazipangiki vizuri; zinaacha hewa nyingi katikati. Kwa hiyo usiangalie joto la ardhini peke yake. Angalia kama mahali ambapo hewa inapanda kwa nguvu ndipo penye joto hilo. Puto la vipimo linalorushwa Salt Lake City mara mbili kwa siku litakuonyesha. Vyote viwili vikikutana, pandisha uwiano bila woga. Upepo wa ukingoni ukizidi mita 15 kwa sekunde, ushushe, maana nyota zinavunjika matawi zikiwa njiani na kujipanga kama mchanga.

Tuseme modeli inatoa milimita 20, na daftari linasema kwa upepo huu niongeze hadi 28. Nagawa dhoruba vipande viwili, kabla na baada ya hewa baridi kuingia. Milimita 10 za kwanza zinakuja na nyuzi -4 kwenye hektopaskali 700: nazidisha kwa 9, napata sentimita 9. Milimita 18 zinazofuata zinakuja na -11: kwa 16, sentimita 29. Jumla 38, yaani inchi 15. Simu ya jirani, kwa kuzidisha 20 kwa kumi, inasema sentimita 20. Tena mpangilio huu, nzito chini na nyepesi juu, ndio wanaoskii wanaoupenda. Ukigeuka, nyepesi chini na nzito juu, wataalamu wa maporomoko ya theluji hawalali.

Hatua ya 6: Ziwa

Great Salt Lake, ziwa lililo kaskazini-magharibi ya Salt Lake City, haligandi kwa sababu ya chumvi. Hewa ya hektopaskali 700 ikiwa baridi kuliko maji ya ziwa kwa nyuzi 16 au zaidi, na upepo ukipita kwa urefu wa ziwa, mkanda mwembamba wa theluji unaweza kuendelea baada ya dhoruba kuisha. Wenyeji hulisifu ziwa kupita kiasi. Sehemu yake katika theluji ya msimu ni ndogo. Mimi huongeza sentimita chache upande wa juu wa makadirio, basi.

Hatua ya 7: Andika

Usiandike "38". Andika 30 hadi 45, kisha taja saa: itaanza lini, itazidi lini, itapungua lini. Sentimita 5 kwa saa alfajiri zitafunga barabara ya 210, ile ya Little Cottonwood, hata kama jumla ni ndogo. Dada wa jikoni hajali jumla; anataka kujua kama apande leo usiku. Wakati mwingine Alta watu huamriwa wasitoke ndani ya majengo mpaka maporomoko yadhibitiwe. Hatari ya maporomoko usiitabiri wewe. Mwelekeze msomaji kwa Utah Avalanche Center.

Hatua ya 8: Pima, uandike

Weka ubao mweupe mahali pasipo upepo. Pima kila baada ya saa 24, muda uleule, kisha uufute. Ukiufuta kila saa utajipatia theluji ya bandia, kwani hujaipa nafasi ya kushindiliwa na uzito wake. Mara nne kwa siku ndio mwisho. Chota kwa bomba theluji iliyo ubaoni, iyeyushe, upate maji yake. Linganisha na vituo vya SNOTEL, ambavyo huipima theluji kwa uzito juu ya mto bapa wenye kimiminika kisichoganda.

Daftarini weka safu tano: mwelekeo wa upepo, joto la hektopaskali 700, maji ya modeli, maji halisi, theluji halisi. Baada ya dhoruba kumi za kaskazini-magharibi utaijua nyongeza yako. Msimu wa 2022/23 Alta ilipata inchi 903, rekodi yake, na daftari langu likajaa kabla ya Machi.

Ukishaufuta ubao, urudishe juu ya theluji, usawa na uso wake. Ukiuacha shimoni, upepo utakujazia, na kesho utamtumia kaka wa basi namba ya shimo.