Kupima hewa ya ukaa ya udongo wa msitu kwa ndoo na kostiki

Wanafunzi wanaokuja kwetu Kasese, Uganda, huitazama theluji ya milima ya Rwenzori, kisha huniuliza kama udongo wa nchi za baridi hulala theluji ikianguka. Haulali. Katika misitu ya Ufini au Kanada hewa inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini theluji nene huwa blanketi: chini yake udongo hubaki karibu na nyuzi 0, na vijidudu vinaendelea kula majani yaliyooza. Hewa ya ukaa wanayotoa hupenya theluji polepole. Ukiifukua theluji ili upime, hewa iliyojikusanya hutoka kwa mkupuo na udongo hupigwa na baridi, kipimo kimeharibika.

Misitu yetu haifunikwi na theluji, kwani hiyo iko juu vileleni, kama pale Margherita, mita 5,109. Blanketi letu ni majani makavu. Mwaka wangu wa kwanza niliyafagia ili ndoo ikae vizuri, na kazi ya wiki nzima ikaenda bure. Usiyafagie.

Hatua ya 1. Chukua ndoo nyeupe yenye mdomo wa sentimita 25. Siku moja kabla, igeuze mdomo chini, uiweke ardhini, zungushia kisu ukingo wake, ukate majani na vimizizi kwa kina cha sentimita 2. Iondoe, uache mahali papumzike, maana udongo uliotoka kuguswa hutoa hewa nyingi kuliko kawaida.

Hatua ya 2. Vaa glavu na miwani, kostiki inachoma. Mimina mililita 40 za kostiki soda (mol 1 kwa lita, yaani gramu 40 kwa lita), ambayo hunasa hewa ya ukaa, kwenye chupa ya mdomo mpana, iweke juu ya vijiti vitatu, kisha ifunike kwa ndoo, ukingo uingie kwenye mfereji uliokata. Shindilia udongo pembeni.

Hatua ya 3. Weka chupa nyingine kama hiyo ndani ya ndoo iliyofungwa kwa kifuniko chake, isiyogusa udongo. Wengi huiruka hii. Bila hiyo huwezi kujua kostiki imevuta hewa kiasi gani ulipokuwa unafungua na kufunga.

Hatua ya 4. Acha saa 24 kamili. Ukipima mchana tu, utakuwa umeacha usiku wa mlimani, na udongo hupumua saa hizo pia.

Hatua ya 5. Ongeza bariamu kloridi kwenye kila chupa: maji yatageuka meupe kama maziwa, na hiyo ndiyo hewa ya ukaa uliyoinasa. Tia matone ya fenolfthalini, dawa inayoonyesha kwa rangi kwamba kostiki bado ipo, yawe ya waridi. Kisha asidi ya hidrokloriki (mol 1 kwa lita) kutoka kwenye bureti (mrija wenye alama za mililita), na mwishoni tone kwa tone, huku ukitikisa. Waridi ikitoweka na weupe ukabaki, simama, soma. Bariamu ni sumu; usiimwage kijitoni.

Hatua ya 6. Tuseme chupa ya ndoo iliyofungwa imekula mililita 39 za asidi, ya udongo 30. Tofauti ni 9. Zidisha kwa 22, kwani kila mililita ya tofauti ni miligramu 22 za hewa ya ukaa, unapata miligramu 198 za hewa ya ukaa. Gawanya kwa eneo la ndoo, karibu mita za mraba 0.05: gramu 3.96 kwa mita ya mraba kwa siku. Ukitaka kaboni peke yake, zidisha kwa 12, gawanya kwa 44: gramu 1.08.

Tofauti ikipita nusu ya kostiki uliyoweka, rudia kwa kostiki zaidi.